Kidole ukutani: miaka yangu kwenye kitengo cha kusafisha damu

Mkono wa kwanza wa mgonjwa wa figo niliouharibu ulikuwa wa mama mmoja muuza vitenge. Ilikuwa 2013, nikiwa wodi ya magonjwa ya ndani katika hospitali moja ya Dar es Salaam, mwaka wangu wa pili kazini. Alilazwa kwa presha. Asubuhi alikuwa akiamka na uso uliovimba, na miguu ukiibonyeza kwa kidole linabaki shimo. Kriatinini, ile taka ya kwenye damu inayopimwa kujua hali ya figo, ilikuwa imepanda, na daktari alishaandika kwenye faili kwamba figo zinachoka. Mimi kwenye lile faili nilichosoma ni sindano za saa sita na za saa kumi na mbili, basi. Nikatafuta mshipa ulionona, nikaupata juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kushoto, nikaweka kanula, ule mrija mwembamba wa dawa unaobaki mshipani. Ilipovimba nikapanda juu. Ilipovimba tena nikahamia kwenye kiwiko. Na nilijisifu, maana wodi nzima nilijulikana kama sista anayepata mshipa mara moja.

Mwaka mmoja na miezi baadaye nilihamishiwa kitengo cha dayalisisi, cha kusafisha damu kwa mashine, nikamkuta huko, amekaa kiti cha nne karibu na dirisha. Daktari wa upasuaji alikuwa ametafuta mshipa wa kumtengenezea fistula, yaani mshipa mnene wa kuchomwa sindano za mashine, mkono wa kushoto asipate hata mmoja wa maana. Iliyokuwepo ilikuwa imekakamaa kama kamba ya katani. Akabaki kutegemea mrija wa shingoni, na mrija wa shingoni ni mlango uliowazi kwa wadudu.

"Sista, wewe si ndiye yule fundi wangu wa sindano?" aliniambia siku ile, akicheka kwa furaha ya kukutana na mtu anayemfahamu. Hakuwa ananilaumu. Hakujua kwamba kuna cha kulaumu. Mimi nilikwenda stoo, nikajifanya natafuta glavu.

Kwa hiyo kabla sijaenda mbali: muuguzi mwenzangu wa wodini, mgonjwa ambaye kriatinini yake imepanda na haina dalili ya kushuka, mchome nyuma ya kiganja. Mishipa ya kuanzia kifundo kwenda juu iache, hasa ya mkono asioutumia kuandikia. Na wewe mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, una haki ya kusema, "Sista, mkono huu naomba usichomwe." Yupo mzee mmoja aliyekuwa akijiandikia kwa kalamu ya wino kwenye mkono wake kila anapolazwa: USIGUSE. Wauguzi walimwona mkorofi. Fistula yake ilidumu miaka.

*

Dayalisisi sikuichagua. Kulikuwa na pengo, jina langu likapelekwa. Wenzangu wodini walinipongeza, wakisema kule watu wanafanya kazi wamekaa. Kukaa! Zamu ya kwanza inaanza saa kumi na moja alfajiri, na kitu cha kwanza unachokihudumia si binadamu, ni maji.

Hili sikuwahi kufundishwa chuoni. Mgonjwa mmoja kwenye mashine, kwa kasi ya kawaida ya nusu lita kwa dakika, anapitishiwa maji lita 120 ndani ya saa 4. Ndoo sita za lita ishirini, kwa mtu mmoja, na hayo maji yanatenganishwa na damu yake na utando mwembamba kuliko karatasi. Klorini inayoua vijidudu kwenye bomba la mtaani, ambayo wewe unainywa bila shida, ikifika pale inapasua chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana kuna chumba kizima nyuma yetu chenye matangi na vichujio, na ndiyo maana kila alfajiri unachota maji kidogo, unadondoshea dawa, unatazama rangi kabla hujamgusa mtu. Niliwahi kuiruka hatua hiyo siku moja kwa kuchelewa daladala. Hakuna aliyedhurika. Sista inchaji aliliona daftari halina saini, akasimamisha mashine zote hadi kipimo kirudiwe, wagonjwa wanane wakasubiri nusu saa huku wakinitazama. Sikuiruka tena.

Nilifundishwa kazini kwa miezi mitatu. Sindano za fistula ndizo zilizoninyima usingizi. Wewe uliyezoea kanula ndogo ya rangi ya waridi, unapewa sindano nene kama njiti ya kibiriti, mbili, na mgonjwa anakutazama usoni kuona kama unajua unachokifanya. Fistula ni mshipa wa kawaida uliounganishwa na ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, kwa upasuaji ili unenepe. Kwa kawaida unahitaji wiki sita hadi miezi mitatu kukomaa. Ukiweka vidole juu yake unasikia mtetemo, kama simu iliyozimwa mlio ikiita mfukoni. Huo mtetemo ndio uhai wa mgonjwa. Siku ukizimika, aje hospitali siku hiyohiyo, asingoje zamu yake ya keshokutwa. Mkono huo haupimwi presha, haubebi ndoo, haulaliwi, haufungwi saa ya kubana.

Sindano yangu ya kwanza niliipitiliza. Ilitoboa upande wa pili na mkono wa yule kaka ukavimba mbele ya macho yangu, ukawa wa zambarau hadi kwenye kiwiko. Nilitetemeka. Yeye akasema, "Bonyeza, sista. Bonyeza tu, usikimbie." Nikabonyeza dakika ishirini. Alirudi nyumbani bila kusafishwa siku ile kwa sababu yangu, na nauli yake ya kutoka Kibaha hakuna aliyemrudishia. Keshokutwa yake aliponiona akanyoosha mkono mwenyewe. "Leo chini kidogo ya pale," akasema. Wagonjwa wa muda mrefu wanaijua mishipa yao kuliko sisi. Waulize.

*

Sasa nifike kwa Fundi, ambaye ndiye sababu ya kuandika yote haya.

Fundi alikuwa mshona nguo wa Kariakoo, miaka thelathini na kitu, presha iliyokaa mwilini miaka bila kutibiwa. Alikuwa wa kundi la Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ili uelewe kilichotokea lazima ujue kazi ya mizani. Mtu ambaye figo zimekufa huwa hakojoi, au anakojoa kidogo sana. Kila anachokunywa kinabaki mwilini. Lita moja ni kilo moja. Kila mgonjwa ana uzito wake tunaouita uzito mkavu, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada. Akifika tunampima, tunatoa uzito mkavu, tofauti ndiyo tunayoiambia mashine iivute. Kwa mtu wa kilo 60, ndani ya saa 4, ukivuta zaidi ya lita tatu na kidogo unatafuta balaa: presha inaanguka, misuli ya miguu inakaza mpaka mtu mzima analia.

Fundi alikuwa anakuja na kilo nne, kilo nne na nusu, mara nyingine tano. Na mimi wakati huo nilikuwa nimeshaiva kazini, najua kila kitu. Nilikuwa nasoma namba ya mizani kwa sauti, kitengo kizima kisikie. "Fundi! Nne nukta sita! Wewe unakunywa au unaoga kwa ndani?" Watu wanacheka. Na yeye anacheka. Nilidhani ni utani mzuri na elimu ya afya kwa pamoja.

Halafu akaanza kuja na kilo mbili na nusu. Mara tatu mfululizo. Nikamsifu mbele ya watu kama mwalimu anayemsifu mtoto wa shule.

Mara ya nne, siku ya Jumamosi, mizani ilisema mbili nukta tatu. Nikaweka mashine ivute hivyo. Nilimwona ana kikohozi kikavu na anataka mito miwili badala ya mmoja. Nilimwona, narudia, kwa macho yangu. Lakini namba ilikuwa nzuri na mimi niliipenda ile namba. Jumapili usiku ndugu zake walimleta idara ya dharura amekaa wima kwenye bajaji, hawezi kulala, anatoa povu la rangi ya waridi mdomoni. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu. Niliitwa kutoka nyumbani kwa simu, nikaja na kanga juu ya sare. Tulimpandisha kwenye mashine saa saba usiku na kumvuta pole pole hadi alfajiri, kisha tena jioni yake.

Alipoweza kuongea, siku ya tatu, nilimuuliza imekuwaje. Akanyamaza. Mkewe ndiye aliyesema. Alikuwa akipanda mizani anaegemeza kidole ukutani. Kidole kimoja tu, nyuma ya mgongo, kwenye ule ukuta ambao mizani yetu ilikuwa imesogezwa ili isiwazuie watu kupita. Ukisukuma kidogo, kilo mbili zinapotea.

"Alikuwa anakuogopa, sista," mkewe aliniambia. Alisema kwa heshima kabisa, kama anayeomba radhi.

Nimefikiria sana kuhusu kidole hicho. Mtu alikuwa tayari kuzama kwa maji yake mwenyewe ili mimi nisiseme namba yake kwa sauti. Na kabla ya hapo, kwa miezi yote ile ya utani wangu, sikuwahi hata siku moja kumuuliza anakula nini.

Nilipouliza, jibu halikuchukua dakika mbili. Tangu aache kushona siku nzima, kitoweo cha nyumbani kilikuwa kinatoka Kilwa kwa mama yake: ng'onda na papa wa chumvi, kwenye kiroba, kila mwisho wa mwezi. Ni msaada, haukatai, na watoto wanakula. Sasa mtu anayekula papa wa chumvi mchana na usiku, utamwambiaje asisikie kiu? Kiu yake haikuwa tabia mbaya. Chumvi ilikuwa inamwita kwenye mtungi. Mimi miezi mingi nilikuwa nagombana na maji wakati adui alikuwa kwenye kiroba.

Kiwango kinachoshauriwa hata kwa mtu mzima mwenye afya ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa chakula chote cha siku nzima. Tulikaa na mkewe tukapanga. Papa wa watoto alowekwe usiku kucha, maji yamwagwe mara mbili. Fundi atengewe kidogo samaki mbichi au yai, na limau na tangawizi na kitunguu saumu vifanye kazi ya chumvi. Vile vipande vya mchuzi vya dukani viondoke jikoni kabisa. Kwa maji tulipima nusu lita kwa siku, kuongezea kiasi anachokojoa, kwenye chupa moja inayojazwa asubuhi. Ikiisha imeisha, na chai na uji na supu vyote vinahesabiwa humo. Akitaka kusafisha mdomo asukutue na ateme. Wapo wanaonyonya kipande cha barafu. Na mizani ya nyumbani, hata ile ya bei rahisi, ni kitu cha kununua kabla ya kununua dawa yoyote ya kiasili.

Mwezi wa pili alikuja na kilo mbili na nukta moja. Za kweli. Nilikuwa nimeisogeza mizani katikati ya chumba.

Ushauri wangu kwa sista au braza anayeanza kazi hii ni mfupi. Namba ya mgonjwa isomwe kwa mgonjwa peke yake. Na namba ikikufurahisha, tazama anavyopumua kabla hujaiamini.

*

Potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo figo zilizokufa haziwezi kuyatoa, ni hadithi nyingine. Maji yanatoa taarifa kwa uvimbe na kwa kukohoa. Potasiamu haisemi kitu, inausimamisha moyo tu. Na sisi watu wa pwani vyakula vyetu vitamu vyote vimejaa hiyo: madafu, ndizi, parachichi, juisi ya machungwa, maharage, mchicha, viazi vitamu, nyanya za kopo. Mtu amepata ugonjwa, ndugu wanakuja kumwona, wanamletea nini? Madafu, "yasafishe figo." Nimeshanyang'anya madafu mlangoni mara nyingi kiasi kwamba mlinzi alianza kunisaidia. Na ile chumvi inayouzwa kwa watu wa presha, isiyo na sodiamu, soma pembeni ya kopo: mara nyingi ndani yake ni potasiamu. Kwa mgonjwa wetu ni sumu.

Mzee mmoja wa Temeke aliingia Jumatatu ya wiki ya pili ya Ramadhani miguu haina nguvu, anaburuzwa na wanawe wawili. Alikuwa amefunga, na akafuturu kama alivyofuturu maisha yake yote: tende, madafu, uji, viazi vitamu. Kipimo cha moyo kilikuwa kimechora milima mirefu iliyochongoka. Daktari alikimbilia sindano ya kalsiamu, kisha insulini na glukosi, na sisi tukamuunganisha haraka. Aliponusurika nikamwambia aache kufunga. Akanitazama kwa upole. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki, na umri wangu ni wa binti yake mdogo. Angenisikiliza kwa lipi?

Kilichofanya kazi ni mgonjwa mwenzake wa kiti cha jirani, ustadhi wa madrasa, ambaye mwenyewe alikuwa hafungi. Alimweleza akiwa amelala kwenye mashine yake kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona ana ruhusa, na analisha maskini kwa kila siku aliyokula. Mzee akauliza maswali matatu, akajibiwa, akaridhika. Tangu hapo kila ikikaribia Ramadhani nilikuwa nawapanga viti vya jirani kwa makusudi. Wenzetu wa zamu nyingine walidhani nina mambo.

Kuna neno la lishe ambalo watu wengi hawaambiwi: mboga na viazi vikikatwa vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, sehemu ya potasiamu inaondoka nayo. Ladha inaondoka pia, sitadanganya.

Na jihadhari na Jumapili. Mgonjwa wa mara tatu kwa wiki ana kipindi kimoja kirefu cha siku mbili katikati bila mashine, na kwa makundi yote kipindi hicho kinaangukia mwisho wa wiki, wakati wa harusi, pilau na ngoma. Wagonjwa wengi tuliowapoteza ghafla, tuliwapoteza hapo.

*

Fedha. Sijui niiseme vipi bila hasira.

Kwetu wakati ule sesheni moja kwa mtu asiye na bima ilikuwa laki mbili na zaidi. Mara tatu kwa wiki, ni milioni mbili na laki nne kwa mwezi na zaidi, kabla ya sindano za kuongeza damu, kabla ya vipimo, kabla ya nauli. Ilikuwa zaidi ya mara tatu ya mshahara wangu. Wenye kadi ya bima ya taifa walikuwa wanasaini na kulala. Wasio nayo walikuwa wanakuja mara mbili, halafu mara moja, halafu unaanza kukiona kiti kitupu na hakuna anayekuambia.

Familia nyingi zinakosea palepale mwanzoni, na wanakosea kwa upendo. Siku ya kwanza daktari akisema mashine, wanauza kiwanja. Pesa ya kiwanja inalisha miezi mitano, na mwezi wa sita ndipo wanapouliza kama kuna msaada. Mimi ningeomba waulize siku ya kwanza. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujauza hata mbuzi. Piga hesabu ya miaka, si ya wiki. Uliza kama kuna mtu wa familia aliyeajiriwa anayeweza kisheria kukuingiza kwenye bima yake. Kama kadi unayo, angalia mwezi hadi mwezi kama michango inapelekwa. Nimemwona baba amefika mlangoni saa kumi na moja alfajiri anaambiwa kadi imefungwa kwa sababu mwajiri hakulipa, na yeye hakujua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na mimi ni miongoni mwa wanaoisubiri ifike kwa muuza vitenge na kwa mshona nguo kama ilivyofika kwenye karatasi.

Kuhusu mitishamba na maombi: niliacha kugombana. Anayetaka kuombewa aombewe, tena niko tayari kumpangia zamu inayomwezesha kwenda. Ninachomwomba ni asiache mashine, na kila anachokunywa anionyeshe. Ukimkemea, ataendelea kukinywa, tofauti ni kwamba wewe hutajua. Nilishajifunza hilo kwa kidole.

*

Hadi 2017 mgonjwa wa Tanzania aliyetaka kupandikizwa figo alikuwa anawaza India. Novemba mwaka ule Muhimbili wakafanya upandikizaji wa kwanza nchini wakishirikiana na wataalamu wa kutoka India, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza. Siku habari ilipotangazwa kwenye televisheni ya kitengo chetu, chumba kilinyamaza. Mashine tu ndizo zilizosikika. Kisha yule mama muuza vitenge akasema, "Kumbe inawezekana bila pasipoti," watu wakaangua kicheko na wengine machozi.

Baada ya hapo tulikuwa na kazi mpya, ya kuzungumza na ndugu. Ni kazi ngumu. Nimeona ndugu sita wakisema "nitatoa mimi" hospitalini na simu sita zikizimwa wiki ileile. Nimeona pia mdogo mtu, dereva wa bodaboda, akipimwa kimyakimya bila kumwambia hata mama yake. Usimlazimishe mtu, na usimhukumu aliyeogopa. Lakini jambo moja la kitaalamu niliweke wazi: kama kuna matumaini ya kupandikizwa, msikimbilie kumwongezea mgonjwa chupa za damu kwa kila uchovu. Damu ya watu wengine inaweza kuufundisha mwili wake kuikataa figo ngeni. Ulizeni kwanza kuhusu sindano za kuongeza damu na madini ya chuma.

Yule mama hakufika huko. Mrija wake wa shingoni uliingia maambukizi mara mbili 2018, ukabadilishwa, na mara ya tatu homa ilimwanzia akiwa kwenye kiti, anatetemeka mpaka kiti kinalia. Tulituma damu maabara, tukampa dawa, alilazwa. Siku nne. Nilikwenda msibani kwao Mbagala na nikakaa jikoni na wanawake, nikachambua mchele. Binti yake alinishukuru kwa kumhudumia mama tangu mwanzo, tangu wodini. Nilishindwa kumwambia. Hadi leo sijamwambia, na sijui kama kumwambia kungemsaidia yeye au mimi.

Kwenye wodi ya kawaida mgonjwa anapona anaondoka, au anafariki ukiwa humjui vizuri. Huku mnakutana mara tatu kwa wiki kwa miaka. Unajua mtoto wake yuko darasa la ngapi. Unajua anapenda timu gani, na Jumamosi ya Simba na Yanga unalazimika kuwatenganisha viti. Akiondoka, kiti hakikai wazi hata siku mbili kwa sababu kuna foleni, na unatakiwa umkaribishe mgeni kwa uso mkunjufu kwenye kiti chenye umbo la mwingine. Mwaka 2019 nilianza kukosa usingizi na kumfokea mume wangu kwa kuongeza chumvi mezani. Niliomba likizo, nikapewa ya wiki mbili, nikaenda Bukoba kulala kwa mama. Kama ungeniuliza wakati ule ningesema ni malaria. Sasa hivi kwenye kitengo chetu tuna utaratibu: mgonjwa akifariki, aliyekuwa anamhudumia hapangiwi kiti kile kwa wiki ya kwanza. Ni jambo dogo na halina gharama.

Na chanjo ya homa ya ini, dozi zote tatu, zipate kabla hujaanza kazi. Mimi nilianza kabla ya dozi ya tatu, na damu ilishanirukia jichoni wiki ya saba. Majibu yalikuja salama. Miezi ile ya kusubiri sikumnyonyesha mwanangu kwa amani.

Fundi bado anakuja, kundi lilelile la Jumanne. Fistula yake ya mkono wa kushoto inanguruma vizuri. Cherehani yake ameihamishia nyumbani, anashona sare za shule siku zisizo za mashine. Mizani iko katikati ya chumba, mbali na kuta zote, na kila akipanda anainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, anasubiri nisome, kisha anashuka. Wiki iliyopita muuguzi mpya aliniuliza kwa nini yule kaka anapimwa hivyo. Nikamwambia akamuulize mwenyewe, wakati anamfunga mkanda wa presha, mkono wa kulia.